Nilivyofundishwa na Vidudu wa Temeke

Kabla hamjaniuliza habari za fimbo, niseme mwenyewe: nilikuwa nayo. Ilikuwa ya mpera, ndefu kidogo kuliko mkono wangu, na niliipa kazi miaka miwili mizima. Nyie mnaokuja hapa kibarazani kwangu na madaftari yenu, mkiniita Bibi Mwalimu na kutaka niwape siri ya kufundisha watoto wadogo, mnadhani nilizaliwa na subira. Sikuzaliwa nayo. Niliipata kwa aibu, na aibu yenyewe nitawasimulia, maana nisipoisema mtaondoka na sifa tupu, na sifa tupu hazimsaidii mtu aliyefungiwa chumba kimoja na watoto arobaini.

Jina langu Nakiete. Kwetu Upareni, milimani. Baba alikuwa karani, akahamishiwa Dar es Salaam, nasi tukamfuata na masanduku yetu. Nilisoma misheni mpaka darasa la nane, na kwa msichana wa enzi za Mwingereza hiyo ilikuwa elimu ya kutembea nayo kifua mbele. Ndiyo sababu wazee wa Temeke walipojenga chumba chao cha udongo na bati ili watoto wao waandaliwe kuingia darasa la kwanza, waliniita mie. Temeke yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inapangwa mistari, nyumba mpya huku, mashamba ya mihogo kule. Watu waliita chumba chetu shule ya vidudu. Nami nikawa Mama Vidudu kabla sijaolewa.

Lazima mwelewe wazazi walitaka nini. Shule ya serikali ilikuwa moja, nafasi chache, watoto wengi. Siku ya kuandikisha, Mwalimu Mkuu alimsimamisha mtoto mbele yake, akamwambia apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Mkono usipofika, umri haujatimia, rudi mwakani. Ukifika, anaulizwa jina, jina la baba, na kuhesabu. Basi wazazi walitaka jambo moja tu: mtoto ahesabu bila kukwama mbele ya yule bwana. Na mie niliwapa walichotaka. Asubuhi nasimama na fimbo, napiga ukuta, watoto wanaimba moja mpaka mia kwa sauti ya kutikisa bati. Wapita njia walisimama kusikiliza. Nilijiona mwalimu hasa.

Katika watoto wale alikuwepo msichana mmoja wa miaka kama sita, mwembamba, macho makubwa, jina lake Tatu. Tatu hakuimba. Wenzake wakifika sabini, yeye midomo imefungwa anaangalia sakafu. Asubuhi moja nikamsimamisha mbele.

"Hesabu mpaka kumi."

Kimya.

"Haya, mpaka tano."

Kimya.

Basi nikawageukia wenzake nikasema, "Mmeona maajabu? Mtoto anaitwa Tatu, na tatu yenyewe haijui!"

Watoto walicheka mpaka wengine wakaanguka kwenye mikeka. Nami nilicheka. Kisha nikampiga fimbo mbili za kiganja kwa kukaa kimya, nikamrudisha kwenye mkeka wake. Hakulia. Alikaa akikifunga na kukifungua kile kiganja, kama anayejaribu kuona bado ni chake.

Sasa sikilizeni kilichonikuta mchana wa siku ileile.

Nyuma ya darasa alikuwepo Bi. Mgeni, mama wa Kizaramo aliyewapikia watoto uji. Alikuwa na ulimi mkali na mashavu yaliyojaa tambuu, na hakuniogopa hata kidogo. Wakati wa mapumziko alinikuta naandika ubao, akanishika mkono na kunivuta nje bila kueleza. Chini ya ukuta, wasichana wanne walikuwa wamechuchumaa wanacheza mdako, mchezo niliokuwa nimeukataza. Mmoja wao alikuwa Tatu.

Wengine wenu mmekulia mjini sana, labda hamuujui mdako. Unachimba kishimo cha ukubwa wa bakuli, unatia kokoto. Unarusha kokoto moja juu, na kabla haijashuka unazikomba zile za shimoni kuzitoa nje, kisha unaidaka. Unarusha tena, unazirudisha zote shimoni ukiacha moja nje, hiyo umeivuna. Zikiisha kwa moja moja, mnakwenda mbili mbili, kisha tatu tatu. Ukiacha nne nje badala ya tatu, umeungua, unampisha mwenzio. Yote hayo kokoto iko hewani, huna nafasi ya kukuna kichwa.

Tatu alikuwa kwenye nne nne. Mkono uleule niliouchapa ulikuwa unaruka kama ndege kinega. Anarusha, anakomba, anaacha nne. Anarusha, anakomba, anaacha nne. Mwenzake mmoja akauliza zimebaki ngapi. Tatu akajibu bila kuinua macho, "Nimevuna nne mara tatu, kumi na mbili. Zimebaki mbili, hazitoshi. Weka mbili zako tucheze vizuri."

Yule mwenzake aliyeuliza alikuwa Mwanaidi, msichana wangu wa sifa, aliyeimba mpaka mia kwa sauti kuliko wote. Nikamjaribu palepale. "Mwanaidi, niletee kokoto saba." Akaniletea gao zima, mikono miwili imejaa, huku anatabasamu.

Bi. Mgeni akatema tambuu pembeni. "Unafuga kasuku, Mwalimu," akasema. "Na huyu anayejua, umemchapa."

Niliingia ndani nikakaa kitini. Nilisema moyoni kwamba kesho asubuhi nitamwita Tatu nimweleze. Kesho yake Tatu hakuja. Wala keshokutwa. Wiki ikapita, mkeka wake mtupu.

Hapo ndipo nilipoanza kufundisha, kama mnataka tarehe. Si siku niliyokabidhiwa darasa.

Nilianza kwa kujifunza mdako kutoka kwa Bi. Mgeni, kila siku baada ya watoto kuondoka. Mie msomi wa darasa la nane niliungua mara nyingi mpaka vidole vikachubuka. Yeye alikuwa anacheka anashika mbavu. "Weka akili kwenye mkono, Mwalimu! Ukiiacha kichwani itachelewa." Neno hilo ninyi lichukueni. Mtoto mdogo akili yake huanzia mikononi. Ukimfunga mikono kifuani umtake ahesabu, umemziba macho ukamtuma njiani.

Halafu nikaanza kukusanya vitu. Mwenye duka wetu alikuwa Mhindi, Bwana Gulamu, Mshia mcha Mungu mwenye mama mzee aliyekaa siku zote nyuma ya kaunta. Nilimwomba makopo matupu. Yule mama aliuliza ya nini, nikamwambia watoto watafunguliwa duka. Akafurahi, akanionyesha jinsi ya kufunga mizani kwa kijiti, kamba na vifuu viwili vya nazi, na akanionya kwa Kiswahili chake cha dukani: "Fundu ya kamba iko katikati kabisa, sikia? Kama si katikati, toto nafundishwa wizi." Mizani ile ilidumu. Watoto walipima mchanga wakiuita sukari, wakapima kokoto wakiziita kunde, wakagombana nani anadanganya mezani mwa nani, na katika ugomvi ule walijifunza maana ya "zaidi" na "pungufu" vizuri kuliko nilivyowahi kuwaandikia ubaoni.

Kunde au maharage ya kweli msitumie. Nawaambia mapema. Mie niliwapa maharage wiki ya kwanza, na kabla ya uji watatu walikuwa wameyatia puani. Likitokea hilo, ziba tundu la pua lililo wazi, mwambie mtoto apenge kwa nguvu. Lisipotoka usilichokonoe, mpeleke zahanati. Bi. Mgeni alisema nifunge shule nifungue hospitali ya pua.

Lakini nilitaka mbao. Nilitaka vipande watoto wajengee, wavipange, walinganishe kirefu na kifupi. Mbao zilikuwa Keko, kwa mafundi seremala, na vipande vya kutupa vilikuwa vingi. Nikachukua kikapu nikaenda kwa miguu. Kibanda cha kwanza niliingia kwa fundi mmoja wa makamo, mabega mapana, anapiga randa ubao wa mninga.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Karibu."

"Nimekuja kuomba vile vipande mnavyotupa. Ni kwa ajili ya watoto wa shule ya vidudu, wachezee."

Randa ikasimama. "Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye mie."

"Mie ni Mbwana. Baba yake Tatu."

Sikuwahi kumwona. Tatu aliandikishwa na mama yake.

"Mwanangu alipokuwa anacheza ulimchapa," alisema. "Leo wataka mbao za kuchezea?"

"Sikumchapa kwa kucheza, Fundi. Nilimchapa kwa kunyamaza."

"Bora hilo?"

"Si bora."

Wanafunzi wake wawili waliacha msumeno, wakawa wanatusikiliza. Fundi Mbwana hakuwafukuza. Aliniuliza taratibu, "Unajua kwa nini anaitwa Tatu?"

"Sijui."

"Wenzake wawili wamelala makaburini. Wa kwanza hakutimiza arobaini. Wa pili alikuwa ameanza kutambaa. Huyu alipozaliwa, mama yake alikataa kumpa jina. Aliogopa. Mwaka mzima tukawa tunasema 'huyu wa tatu', 'mleteni wa tatu'. Alipoanza kutembea, jina lilikuwa limeshamganda, tukaona heri liwe hilo, ndilo lililomweka. Wewe ukalifanya kichekesho mbele ya watoto wa watu. Kiganja kilipona siku ileile. Mtoto anauliza kwa nini jina lake linachekesha. Nimjibu nini?"

Vijana wangu, nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea. Watoto arobaini, wazazi wanaotaka mia, mshahara wa kubabaisha, ujana. Yote yalikuja mdomoni nikayameza. Niliweka kikapu chini, nikakaa juu ya maranda.

"Nimekosa, Fundi. Sina la kujitetea."

"Usiniombe mie. Mie sikuchekwa."

Akanionyesha kwa kidole uani, nyuma ya kibanda. Tatu alikuwa kule, anapanga vipande vya mbao kimoja juu ya kingine. Aliponiona alificha mikono mgongoni. Hicho kitendo chake, kuficha mikono, kiliniumiza kuliko maneno ya baba yake.

Enzi hizo mwalimu hakumwomba mtoto msamaha. Sijui kama hata neno lilikuwepo. Nilichuchumaa tukawa sawa kimo, nikasema, "Tatu, nilikosa kukucheka jina lako. Ni jina zuri. Nisamehe."

Alinitazama. "Na kunichapa?"

"Na kukuchapa."

"Mdako utaruhusu?"

"Nitaruhusu."

"Hata darasani?"

Nikawafikiria wazee wa kamati ya shule walioniajiri. "Hata darasani."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mbao zake.

Wiki ile Fundi Mbwana alimleta mwenyewe, mkono mmoja kamshika mtoto, begani gunia la vipande vya mbao. Alikuwa amevikata kwa vipimo: hiki nusu ya kile, viwili hivi sawa na kimoja kile. Vyote vimepigwa msasa. "Kibanzi kikimwingia mtoto kidoleni," alisema, "hatazipenda mbao maisha yake." Fimbo yangu ya mpera aliikuta kwenye pembe. Akaniuliza kama naihitaji. Nikasema hapana. Akaivunja vipande akampa Bi. Mgeni, akawashia moto wa uji.

Msidhani basi kila kitu kikawa laini. Siku ya kwanza ya mbao niliwaachia watoto wote kwa pamoja, na palikuwa na vita. Mmoja alipasuka mdomo. Nikajifunza kugawa: hawa dukani, hawa kwenye mbao, hawa na mdako, hawa na mie kwenye hadithi, kisha nikipiga kopo wanabadilishana. Na sheria moja tu kwenye mbao: aliyejenga, avunje mwenyewe. Na nikajifunza kazi ngumu kuliko zote, kunyamaza. Mtoto akikosea, nilikuwaga nimeshamrukia na jibu. Bi. Mgeni akanipa dawa: nitafune karanga. "Mdomo ukiwa na kazi, hautamnyang'anya mtoto yake." Ukiona mtoto amekwama, hesabu karanga tano kabla ya kusema neno. Mara nyingi hufiki ya nne, ameshajikwamua.

Sasa kamati. Mwenyekiti wake alikuwa Karani Mathayo, mtu wa bara kama mie, Mkristo safi, viatu vinang'aa hata kwenye mchanga wa Temeke. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesoma kwa fimbo, na fimbo ilimfikisha ofisini, basi aliiheshimu kama mzazi. Mwanawe Elia alikuwa darasani kwangu. Siku moja alikuja bila taarifa. Alikuta duka limefunguliwa, mchanga umemwagika, wasichana wamechuchumaa kwenye kishimo nilichokichimba ndani ya chumba alichokijenga kwa mikono yake.

"Mwalimu Nakiete, hii ni shule au jalala?"

"Ni shule, Karani."

"Mbona sisikii wakihesabu?"

"Wanahesabu. Keti kidogo utawasikia."

Hakuketi. Jumapili kamati ikakaa, nikaitwa. Wazazi walikuwa na hasira ya haki kabisa, hilo niwaambie. Mama mmoja alisema, "Kucheza anacheza kwangu. Mie namleta huku asicheze." Karani Mathayo akafunga shauri: siku ya kuandikisha darasa la kwanza ilikuwa imebaki miezi miwili. Nirudi kwenye kukariri tangu kesho, au atafutwe mwalimu mwingine.

Baba yangu alikuwepo pale, naye alikuwa anamheshimu sana Karani. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Mwanangu, fanya wanavyotaka. Kazi ni kazi."

Nikamjibu, "Baba, nimeshawahi kufanya wanavyotaka. Nilimfundisha Mwanaidi kuimba mia, na saba haijui. Sirudi huko."

Ilikuwa mara ya kwanza kumpinga baba. Aliendelea na chai yake.

Asubuhi nilikwenda kwa Karani kabla hajatoka kwenda ofisini. "Shikamoo. Nimekuja na neno moja. Nipe miezi hii miwili kwa njia yangu. Watoto wakikataliwa kwa kutojua hesabu, nitaondoka mwenyewe, hamna haja ya kikao." Akasema, "Elia nitamfundisha mwenyewe nyumbani." Nikachukua hilo kuwa ndiyo.

Miezi ile miwili nilifanya kazi kama punda. Asubuhi niliingia kabla ya jua kupanga vitu, kwa maana mchezo usiopangwa ni fujo, na mwalimu anayesema "nendeni mkacheze" kisha akaenda kukaa, huyo hafundishi. Kila mtoto nilimfuata na swali lake. Huyu hajui kutoa, nampeleka dukani awe muuzaji. Huyu haongei, nampa awe daktari, daktari lazima aulize wagonjwa. Niliandika kwenye daftari nani ameweza nini. Na kila jioni niliogopa. Watu hawawaambii hili: unaweza kuwa na hakika na jambo na bado ukaliogopa.

Siku ilifika. Tulikwenda kwa msafara, wazazi kwa watoto, hadi uwanja wa shule ya serikali. Mwalimu Mkuu alikuwa bwana mrefu, kaptula nyeupe imenyooka pasi, amekaa nyuma ya meza nje. Alianza na masikio. Wawili wetu mikono yao haikufika, wakarudishwa. Mmoja wao alijaribu kuinamisha kichwa ili sikio lifuate mkono. Hata Mwalimu Mkuu alicheka.

Kisha hesabu. Wa kwanza wetu alikuwa Salumu, muuzaji wangu hodari wa duka. "Hesabu," akaambiwa. Alianza vizuri. Akafika thelathini na tisa, akasema kwa sauti kubwa, "Thelathini na kumi!" Uwanja ukacheka. Salumu akachanganyikiwa, akanyamaza. Mwalimu Mkuu akaandika kitu. Nikahisi macho ya Karani Mathayo kisogoni kwangu.

Elia akafuata. Alihesabu mpaka mia bila kupumua. "Vizuri sana," akaambiwa. Sitawaficha, alikuwa anajua vizuri.

Kisha Tatu.

"Jina?"

"Tatu binti Mbwana."

Alilisema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma.

"Hesabu."

Tatu alitazama meza, akatazama chini, akamtazama yeye. "Nihesabu nini?"

"Hesabu tu."

"Lakini hamna kitu."

Watu wakaguna. Mie nilikuwa natafuna karanga isiyokuwepo. Mwalimu Mkuu aliweka kalamu chini, nikaona amekasirika. Kisha, sijui nini kilimgusa, akachukua boksi lake la chaki akalimwaga mezani. "Haya, mtoto mwenye maswali. Hesabu hizi."

Tatu hakuzigusa moja moja. Alizikomba kwa kiganja, nne upande huu, nne upande ule, haraka, kwa mkono wa mdako. "Kumi na saba," akasema. Mwalimu Mkuu akaanza kuandika. "Lakini chaki ni kumi na sita," Tatu akaongeza.

"Ni kumi na saba au kumi na sita?"

"Vipande kumi na saba. Hizi mbili ni moja, imevunjika." Akaviokota vile vipande viwili akaviunganisha, vikakaa sawasawa.

Yule bwana alivichukua mkononi. Akahesabu zote mwenyewe, polepole. Kisha akauliza bila kunitazama, "Nani amemfundisha mtoto huyu?"

Fundi Mbwana ndiye aliyejibu, kutoka nyuma ya watu: "Alikuwa anajua, Bwana. Mwalimu wake alimwachia acheze."

Mwalimu Mkuu akamwita Salumu arudi. Akampa chaki na vifuniko vya wino, akamwuliza nyingi zipi, kwa ngapi, na akitoa hizi zitabaki ngapi. Salumu alikuwa dukani kwake sasa. Alijibu yote na karibu amuuzie yule bwana chaki zake. Waliobaki wote wakaulizwa kwa vitu. Mwanaidi alipotea njiani mara mbili, akapita kwa shida. Siku ile hakuna wetu aliyerudishwa kwa hesabu. Waliorudi walirudishwa na mikono mifupi, na hiyo hakuna mwalimu anayeweza kuirefusha.

Kamati ilikaa tena. Bado wako waliotaka kukariri, na nyie mtakutana nao, hawaishi. Safari hii nilisimama. Niliwaambia nitawapa kuimba namba asubuhi mpaka uji uive, kwa kuwa hata wimbo una kazi yake, Elia ametuonyesha. Baada ya uji, siku ni ya watoto, na anayetaka kunibadilisha aje akae siku nzima kwanza, ndipo aseme. Hawakunipigia makofi. Walikohoa, wakasema tuendelee na ajenda nyingine. Niliendelea hivyo miaka yangu yote, Mwingereza akaondoka, bendera ikabadilika, wakubwa wakaja na kwenda, na kila mmoja alinikuta na mchanga sakafuni.

Karani Mathayo hakuniambia kitu muda mrefu. Muhula uliofuata alimleta mwanawe mdogo, Yusufu. Nilidhani ataondoka. Badala yake akasimama mlangoni, kofia mkononi, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ile karibu ya kukaa niliyompa bado ipo. Nikamwambia ipo.

Watoto hawakuinuka kumsalimia kwa pamoja kama zamani. Kila mmoja alikuwa na shughuli yake. Msichana mmoja wa miaka mitano aliyekuwa anajenga peke yake alimwamkia, kisha akamsogezea rundo la mbao kana kwamba alikuwa anamngoja. Karani alitazama kulia na kushoto. Akavua vile viatu vyake vinavyong'aa, akaviweka ukutani, akakaa mkekani na suruali yake ya ofisini. Akaanza kujenga. Alijenga kwa haraka, kama mtu anayetaka kumaliza faili. Ghorofa yake ilifika kiunoni mwa mtoto, ikayumba, ikaporomoka yote kwa kishindo. Darasa zima likageuka.

Mie nilitia karanga mdomoni.

"Umeweka kubwa juu, Babu," yule mtoto akamwambia, bila kumcheka. "Anza tena."

Karani Mathayo akakunja mikono ya shati lake, akaanza tena.